Chumvi, Rovu na Kipimo cha Damu

Mtu apandaye vilima vya Kisii na Nyamira huona nchi yenye neema: migomba, mashamba ya chai, na mvua isiyokawia. Lakini mvua ile ile istawishayo migomba ina hasara yake. Tangu zama za kale imekuwa ikiuosha udongo wa miinuko na kuyachukua madini ya iodini mpaka mitoni. Bahari, iliyo hazina kuu ya iodini, iko mbali. Ndiyo sababu katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kama katika milima ya Uswisi, watu wengi walipatwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thiroidi iliyo mbele ya shingo.

Hapo zamani sababu yake haikujulikana. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aligundua iodini katika majivu ya mwani. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann akaikuta ndani ya tezi yenyewe. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na Kenya ikaweka sharti hilo katika sheria mwaka 1978. Basi chumvi ivunwayo Gongoni, kaskazini ya Malindi, hufika masoko ya Keroka na Nyamira ikiwa imebeba kile ambacho mvua ilikiondoa.

Rovu si saratani. Hata hivyo tezi hiyo hiyo huweza kupatwa na saratani, na historia ya iodini ndiyo iliyowapa madaktari njia ya kumlinda mgonjwa baada ya matibabu. Tezi hukamata iodini na kuifunga katika protini iitwayo thiroglobulini. Hakuna kiungo kingine cha mwili kinachoitengeneza. Kiasi kidogo mno huvuja katika damu, kidogo hata vipimo vya kale havikuweza kukiona.

Njia ilifunguliwa New York. Karibu na mwaka 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipima insulini iliyomo katika damu kwa kutumia iodini itoayo miale kama alama. Berson alifariki mwaka 1972. Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kwa njia hiyo, mwaka 1973, Andre Van Herle na wenzake huko Los Angeles walipima thiroglobulini, na mwaka 1975 wakaonyesha ya kuwa kuzidi kwake huweza kufichua saratani ya tezi iliyoenea mwilini.

Kipimo hiki kina maana gani? Fikiri juu ya ghala la wimbi. Ghala likiwa limejaa, punje chache zikionekana njiani hazimshangazi mtu. Lakini ikiwa ghala limebomolewa na wimbi wote umeondolewa, kisha punje zikaonekana tena, mwenye nyumba hana budi kuuliza zimetoka wapi. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa aliyeondolewa tezi yote. Thiroglobulini yake yapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikipanda mara kwa mara, huenda seli za tezi zimesalia au saratani imerudi. Bali kwa mtu mwenye tezi yake, hesabu kubwa haithibitishi saratani, maana hata rovu huipandisha.

Tena, damu ya wagonjwa wengine ina kingamwili zinazoikamata thiroglobulini na kukipotosha kipimo. Kwa hiyo kingamwili nazo hupimwa pamoja nayo, na yafaa kutumia maabara ile ile kila mara, ili hesabu za miaka mbalimbali zilinganishwe kwa haki.

Huenda siku moja mama au shangazi akakupa karatasi ya maabara na kukuambia, "Nisomee, mwanangu." Usikimbilie kumtia hofu kwa hesabu moja, wala kumfariji kwa hesabu moja. Uliza kwanza: Je, tezi yote iliondolewa? Kingamwili zilipimwa? Hesabu ya safari iliyopita ilikuwa ngapi? Kisha mwende pamoja kwa daktari, mkiwa na karatasi zote, mpya na za zamani.