Alhamisi Mbili za Mwezi Aprili

Tarehe 12 Aprili mwaka 1945 ilikuwa siku ya Alhamisi. Tarehe 12 Aprili mwaka 1984 nayo ilikuwa Alhamisi. Katika Alhamisi ile ya kwanza, huko Warm Springs katika jimbo la Georgia, Rais wa Marekani Franklin Delano Roosevelt alilalamika kwamba kichwa kinamuuma sana, akazimia, na baada ya saa mbili na kitu akakata roho. Katika Alhamisi ya pili, yapata saa kumi jioni, Waziri Mkuu wetu, Edward Moringe Sokoine, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa mkoani Morogoro, akitoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam. Roosevelt alikuwa na umri wa miaka 63. Sokoine alikuwa na miaka 45 tu.

Msomaji ataniuliza, pana uhusiano gani kati ya hawa wawili? Hapana. Siku za mwaka ni chache, na watu mashuhuri waliokwisha kufa ni wengi mno, kwa hiyo lazima wabanane. Lakini mimi ni mtu wa Singida niliyeisikia habari ya pili kwa masikio yangu, na tangu hapo kila nikiiona tarehe hiyo mahali popote nasimama kidogo.

Habari ilitufikia kwa redio, kama ilivyowafikia Watanzania wengi. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa. Siku zile betri zilikuwa adimu kama sabuni, na redio zilizokuwa zikisema katika mtaa wetu zilikuwa za kuhesabu. Watu wakajaa kwenye nyumba zenye redio, wengine wakasimama nje dirishani. Ilikuwa mwisho wa mvua, mtama ukikomaa mashambani. Nakumbuka mama mmoja jirani, mtu mzima ambaye sote tulimwita Bibi, aliuliza kwa sauti ya chini, 'Sasa nani atatuletea sukari?' Hakuna aliyemcheka. Swali lake lilikuwa ndilo swali la wote.

Kwa vijana ambao hawakuwapo, inafaa nieleze. Tulikuwa tumetoka katika vita ya Kagera, ambayo Sokoine aliiona yote akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, yaani miaka mitano na siku moja kabla ya ajali ya Dakawa. Vita ile ilikomba hazina. Maduka yakawa matupu. Aliporudi kwenye uwaziri mkuu mwaka 1983 alitangaza vita nyingine, ya kupambana na wahujumu uchumi na walanguzi. Hapa kwetu tulisikia hadithi za mafurushi ya khanga na katoni za sabuni zilizotupwa porini usiku na wenyewe, wakiogopa kukaguliwa. Wananchi wa kawaida walimpenda kwa hilo, nami nilikuwa mmojawao. Lakini haki isemwe: sheria ya mwaka ule ilipeleka watu mbele ya mabaraza maalumu bila mawakili wa kuwatetea, na mwenye katoni mbili aliweza kushikwa pamoja na mwenye ghala zima. Mtu anaweza kuwa mwadilifu kabisa na chombo alichokishika kikawa kikali kupita kiasi. Sioni kwamba kusema hivyo ni kumvunjia heshima marehemu.

Nilianza wakati huo kuweka daftari. Kila siku ya mwaka ina ukurasa wake, na katika ukurasa naandika waliokufa siku hiyo, mwaka wowote ule. Wazee wa kwetu waliliona jambo la ajabu kidogo. Wao hawakumbuki kifo kwa tarehe. Fulani alikufa mwaka wa njaa, au uwele ulipokuwa ukivunwa, au mwaka wa nzige. Waliponisimulia habari za Liti, yule mwanamke wa Kinyaturu aliyepambana na Wajerumani, na ambaye leo jina lake liko kwenye kiwanja cha mpira cha hapa mjini Singida, walinipa nyuki wake, walinipa ujasiri wake, lakini tarehe hawakunipa. Kwa hiyo Liti hana ukurasa katika daftari langu. Ukurasa wanapata wale ambao karani alikuwapo karibu na kalamu. Jambo hili hunikera hadi leo.

Roosevelt alikuwa na makarani wengi. Kwa nini mtu wa Singida amjali? Kwa sababu kulikuwa na wazee wetu waliokwenda Burma na jeshi la Keya katika vita yake na ya Churchill. Mwezi Agosti 1941 viongozi hao wawili walitoa Tamko la Atlantiki, lililosema kila taifa lina haki ya kujichagulia serikali yake. Churchill baadaye alijaribu kueleza kuwa maneno hayo hayakuwahusu watu wa makoloni ya Uingereza. Wasomi wa Afrika waliyasoma kama yalivyoandikwa, wakayashika. Mtu aliyetumia miguu ya vyuma tangu alipopatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1921 aliacha neno lililotembea mbali kuliko yeye.

Naye alikufa vita haijaisha. Zilibaki siku 26 tu Ujerumani isalimu amri. Inasimuliwa kwamba Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alipopata habari alifurahi mno, akaona ni ishara ya mbinguni kwamba bahati imegeuka. Haikugeuka. Makamu wa Rais, Harry Truman, alikuwa na siku 82 tu katika cheo hicho, wala hakuwa ameelezwa habari za bomu la atomiki. Lakini aliapishwa jioni ile ile, na majeshi yaliendelea mbele asubuhi yake kama vile hakuna aliyekufa.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Dokta Salim Ahmed Salim aliteuliwa siku 12 baadaye, mtu hodari mwenye sifa zake. Hata hivyo vita ya wahujumu haikuendelea kwa moto ule ule, na kufikia miaka ya Mzee Mwinyi bidhaa zilirudi madukani kwa njia nyingine kabisa, ya kufungua milango ya biashara. Sabuni ikapatikana. Yule Bibi aliwahi kupata sukari yake kabla hajafa, ila kwa bei ambayo alisema Sokoine asingeikubali.

Hapo ndipo penye jeraha. Mtu akifa katikati ya kazi, kazi ile humaliziwa vichwani mwa watu. Kila mmoja wetu alimtengenezea Sokoine miaka ambayo hakuishi. Na kwa kuwa miaka hiyo tuliipenda, tulitafuta mtu aliyetunyang'anya. Mpaka leo, ukikaa na watu wa rika langu, haipiti nusu saa kabla mmoja hajashusha sauti na kusema haikuwa ajali. Nimesikia masimulizi hayo mara nyingi mno, na kila msimulizi ana gari lake na dereva wake. Sijawahi kusikia mawili yanayofanana. Mimi nimekaa na lile tulilotangaziwa: gari liligongana na gari, na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa lile la pili.

Anayetaka kujua kifo cha njama kinafananaje, ukurasa ule ule unacho. Tarehe 12 Aprili 1980, huko Monrovia, askari wa vyeo vya chini wakiongozwa na Sajini Samuel Doe waliingia Ikulu usiku wakamuua Rais William Tolbert. Hapakuwa na kunong'ona. Wauaji walijitangaza wenyewe redioni. Tolbert siku hiyo alikuwa bado Mwenyekiti wa OAU. Ni katika mkutano aliouandaa mjini kwake, Julai 1979, ambapo baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania kwa kuingia Uganda. Miezi mitatu kabla ya mkutano huo raia wake walikuwa wameuawa mitaani kwa kuandamana dhidi ya mpango wa kupandisha bei ya mchele. Alizikwa katika kaburi la pamoja. Sukari kwetu, mchele kwao.

Wengine wa ukurasa huo nawataja kwa haraka: Josephine Baker, mwimbaji, mjini Paris mwaka 1975, Joe Louis, bondia bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwaka 1981.

Wa mwisho ni Alan Paton, mwandishi Mzungu wa Afrika Kusini aliyeupinga ubaguzi wa rangi kwa kalamu yake, aliyefariki tarehe 12 Aprili 1988. Naye nilimwandika chini ya Sokoine nikakaa nikiwatazama. Ubaguzi ule ndio uliowaleta vijana wa ANC mpaka Morogoro, kwenye kambi ya Dakawa na kwenye chuo chao cha Solomon Mahlangu pale Mazimbu. Tanzania iliwapa ardhi. Mmoja wao, katika alasiri moja, akakutana barabarani na msafara wa Waziri Mkuu. Nilikuwapo watu walipowatukana wakimbizi wote kwa ajili ya mmoja, na niliwapo wazee walipowanyamazisha.

Sokoine alizikwa kwao Monduli Juu. Mwezi Julai mwaka ule ule wa 1984 chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilianza kikiwa na jina lake. Mwaka 1992, Mandela akiwa ameshatoka gerezani na vijana wakifunga mizigo kurudi kwao, ANC ilikabidhi majengo yake ya Mazimbu kwa serikali yetu, nayo yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.