Kupima mutu kwa matendo yake: namna gani ilianza katika sikolojia

Mutoto analia kila mara akiona sungura. Tuseme ni mwoga, basi? Ama tupime: sungura akiwa mbali meta ngapi, mutoto anatulia? Ulizo hili la pili ndilo lilizaa njia ambayo wanasikolojia wanaita upimaji wa mwenendo.

Huko Marekani, Mary Cover Jones alilifanyia kazi katika ripoti yake ya mwaka 1924. Mutoto aliitwa Peter, hakukuwa ametimiza miaka 3 wakati kazi ilianza. Alikuwa anaogopa sungura, panya mweupe, hata pamba. Jones alikuwa anamupatia chakula anachopenda, na wakati huohuo sungura anasogezwa pole pole. Lakini yenye maana zaidi ni namna aliandika hatua moja moja. Mwanzoni, sungura akiwa popote mule chumbani, hata ndani ya kizimba, Peter anaogopa. Kisha anamuvumilia kwa umbali wa karibu meta 4. Kisha meta 1. Kisha anamugusa. Mwishoni anaacha sungura amutafune-tafune vidole. Neno "mwoga" halikuhitajika.

Wakati ule wengi walipenda njia ingine. Kunako 1921, daktari Hermann Rorschach wa Uswisi alitoa picha zake 10 za madoa ya wino: mugonjwa anasema anaona nini ndani, na muganga anatafuta mambo yaliyofichama rohoni mwake. Pale jibu ni alama tu ya kitu kingine. Kwa wapimaji wa mwenendo, tendo lenyewe ndilo la kupima.

Njia yao ilipata nguvu katika miaka ya 1960. Mwaka 1963, Lang na Lazovik walichukua wanafunzi 24 wa chuo kikuu, wote waoga wa nyoka. Nyoka asiye na sumu aliwekwa ndani ya sanduku la kioo, na kila mumoja aliombwa asogee, aguse, ashike kama anaweza. Mahali aliposimama paliandikwa, mbele ya matunzo na nyuma yake. Juu mdomo unaweza kusema "siogopi tena", miguu ikakataa.

Mwaka 1968 Walter Mischel akaandika kwamba majaribio ya tabia yanatabiri kidogo tu kile mutu atafanya, sababu matendo yanageuka kufwatana na mahali na hali. Wengi hawakufurahi.

Lakini wapimaji wa mwenendo nao wana shida yao: mutoto akijua anaangaliwa, habaki vile alikuwa. Ndiyo maana wengine wanakaa kwanza darasani bila kuhesabu kitu, wanangoja watoto wawazoee.