Safu ya Wakati katika Hifadhidata ya Ukadiriaji wa Filamu

Mwanafunzi anayepewa kazi ya kuunda tovuti ya kukadiria filamu huanza na majedwali matatu: la watumiaji, la filamu, na la alama zinazounganisha hayo mawili. Hapo hajakosea. Modeli ya uhusiano aliyoieleza Edgar Codd wa IBM mwaka 1970 inamwongoza hivyo, kwani mtu mmoja hukadiria filamu nyingi na filamu moja hukadiriwa na watu wengi. Kosa huingia anapochagua ufunguo msingi wa jedwali la tatu. Akiufanya uwe namba ya mtumiaji pamoja na namba ya filamu, kila mtu atakuwa na kauli moja tu juu ya kila filamu. Akibadili mawazo, alama mpya inafuta ya zamani. Uamuzi huo huchukuliwa kuwa wa kiufundi tu. Kwa kweli unaamua maoni ni kitu gani, na aghalabu unaamua vibaya: ukadiriaji ni tukio lenye saa yake, si sifa ya kudumu ya mtu.

Tutazame mfano halisi. Mkusanyo wa MovieLens wa alama 100,000, uliotolewa na kundi la GroupLens la Chuo Kikuu cha Minnesota, una watumiaji 943 na filamu 1,682. Mstari wa kwanza wa faili lake la alama una namba nne: 196, 242, 3, 881250949. Maana yake, mtumiaji wa 196 aliipa filamu ya 242, *Kolya*, alama 3, sekunde zaidi ya milioni 881 tangu mwaka 1970 uanze. Kwa kalenda, tarehe 4 Desemba 1997. Anayetaka wastani tu ataridhika na namba tatu za mwanzo. 

Thamani ya namba ya nne ilidhihirika katika shindano la Netflix. Mwaka 2006 kampuni hiyo iliahidi dola milioni 1 kwa atakayepunguza kosa la utabiri wake wa alama kwa asilimia 10, ikatoa alama zaidi ya milioni 100 za watumiaji 480,189 kwa filamu 17,770, kila alama na tarehe yake. Yehuda Koren, mmoja wa kundi lililoshinda mwaka 2009, alionyesha kwamba wastani wa alama zote ulipanda ghafla mapema mwaka 2004, na kwamba mtu yuleyule hukadiria kwa kipimo tofauti siku tofauti. Ukiondoa tarehe, mabadiliko hayo yanaonekana kama makosa ya kubahatisha.

Kubadili aina ya hifadhidata hakuondoi suala hili. Ukipachika alama ndani ya hati ya filamu katika hifadhidata ya hati ya MongoDB, filamu maarufu itagonga kikomo cha megabaiti 16 kwa hati. Ukitumia grafu, bado utaamua kama mtu na filamu wanaunganishwa na mshale mmoja au mingi.

Pingamizi zito dhidi ya kutunza tarehe linatoka kwingine. Watafiti Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov walithibitisha kuwa ukijua alama 8 za mtu, hata 2 zikiwa za uongo kabisa na tarehe zikipotoka kwa siku 14, unaweza kuitenga rekodi yake ndani ya data hiyo ya Netflix katika asilimia 99 ya hali. Majina yalikuwa yameondolewa, lakini hayakuwa kinga. Kwa sababu hiyo, mwaka 2010 Netflix ilifuta shindano la pili iliyokuwa imelipanga. Safu inayonoa mapendekezo ndiyo inayomfichua mtu, na kuiandika tarehe kwa wiki tu hakumfichi.

Hata hivyo, jibu si kurudi kwenye ufunguo wa safu mbili. Kila ukadiriaji uingizwe kama mstari mpya, alama ya sasa na wastani vikokotolewe kutoka humo, na utambulisho wa mtu ukae katika jedwali lenye ruhusa zake. Historia hiyo isitolewe nje ya mfumo kwa umbo la mstari kwa mstari. Na mtu akitaka kujifuta, ifutwe mistari yake yote, ya leo na ya miaka iliyopita, hata kama utabiri utapungua ubora.