Safari ya ndege kati ya Nairobi na New York

Umbali kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (NBO), Nairobi, na ule wa John F. Kennedy (JFK), New York, ni takriban kilomita 11,840 kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ndege isiyotua popote huchukua karibu saa 15 kwenda Marekani, na saa 13 hadi 14 kurudi.

Ikichorwa kwenye ramani ya ukutani, njia hiyo huonekana imepinda bila sababu. Uzi ukivutwa juu ya tufe kati ya miji hiyo miwili, utapita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, ukingo wa Darfur nchini Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ndipo uingie Atlantiki. Baharini hupanda hadi latitudo ya 42 kaskazini, juu kuliko New York yenyewe, kisha hushuka kuelekea mjini.

Boeing 787 husafiri kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa. Kwa hesabu ya karatasi, basi, safari ingemalizika kwa saa 13 na dakika chache. Kinachovuruga hesabu hiyo ni upepo: katika latitudo za kati, mikondo ya kasi ya angani huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayeenda hupambana nayo, anayerudi husukumwa nayo, na wakati wa baridi huko kaskazini mikondo hiyo huwa na nguvu zaidi.

Nairobi nayo ina ugumu wake. Uwanja wake uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hivyo huhitaji kasi kubwa zaidi kabla ya kuinuka. Baridi ya usiku husaidia, kwa kuwa huifanya hewa iwe nzito kidogo.

Saa za ukutani huwachanganya wengi kuliko umbali. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8, au saa 7 Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, kuanzia Machi hadi mapema Novemba. Ndege ikiruka Nairobi saa 6 usiku mwezi Januari na kukaa angani saa 15, hutua New York saa 1 asubuhi. Nyumbani tayari ni saa 9 alasiri. Ikiondoka New York saa 6 mchana na kuruka saa 14, hufika Nairobi saa 4 asubuhi ya siku inayofuata.

Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Marekani kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga mwaka 2017. Kabla ya hapo abiria walibadilisha ndege Ulaya, Ghuba au Addis Ababa, na muda wa kusubiri huko ungeweza kuifanya safari ipite saa 20.

Mwaka 2023 Sudan ilifunga anga lake vita vilipozuka Aprili, na Niger ikafanya hivyo kwa wiki kadhaa baada ya mapinduzi ya Julai. Nchi zote mbili ziko kwenye njia fupi, kwa hiyo aliyetaka kuvuka Sahara alilazimika kuzunguka.