Ramani za Kusikia: Mwambao wa Rumonge na Nchi za Kubuni

Mwambao wa Ziwa Tanganyika ulio upande wa Burundi, kuanzia Nyanza-Lac kupitia Rumonge hadi delta ya Rusizi, uliingia kwenye ramani za Ulaya kabla ya mchoraji yeyote wa ramani hizo kuuona. Ulichorwa kwa kusikia. Waliochora walikaa London, Gotha au Rabai karibu na Mombasa wakiulizia habari za bara, na majibu ya wafanyabiashara na wapagazi yakageuzwa mistari. Katika karne hiyohiyo ya 19 waandishi wa riwaya walizoea kumfungulia msomaji kitabu kwa ramani ya nchi isiyokuwepo. Kazi hizi mbili zilikopeshana mengi. Ziwa Tanganyika linaonyesha wazi mkopo huo, kwa kuwa lilianza kama ziwa la kubuni lenye jina la kweli, na baadaye likawa ziwa la kweli lililopewa jina la kubuni.

Habari ya maziwa ya bara ni ya kale. Jiografia ya Klaudio Ptolemaio, mtaalamu wa Aleksandria wa karne ya 2, inautoa mto Nile kwenye maziwa mawili yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Sehemu ya habari hiyo ilianzia kwa mfanyabiashara Diogene, aliyesukumwa na upepo hadi karibu na Rhapta, kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Wanajiografia wa Kiislamu waliipokea, akiwemo al-Khwarizmi katika karne ya 9 na al-Idrisi mwaka 1154, na wachoraji wa Ulaya wakaiga. Kila aliyenakili aliongeza kidogo. Mwaka 1733 Jonathan Swift aliwakejeli wachoraji waliojaza tembo mahali pa miji wasiyoijua, na alikuwa na haki ya kuwacheka: katika *Gulliver's Travels* ya mwaka 1726 kisiwa cha Lilliput kilichorwa kando ya Sumatra kwa utaratibu uleule wa ramani za mabaharia. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville alichapisha ramani ya Afrika akiwa amefuta yasiyo na ushahidi, na katikati ya bara ikabaki karatasi nyeupe.

Weupe huo haukudumu. Mwaka 1845 Mwingereza William Desborough Cooley alichapisha makala ndefu kuhusu ziwa kubwa aliloliita N'yassi. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika. Alisoma maandishi ya Wareno na kuwahoji watu wa Afrika Mashariki waliofika London, mmoja wao Khamis bin Uthman. Mwaka huohuo mwanajiografia James MacQueen naye alichapisha simulizi la Lief bin Said, mfanyabiashara aliyekwisha kwenda Unyamwezi na kufika ziwani. Cooley aliunganisha Ziwa Nyasa na Tanganyika kuwa maji mamoja, akaushikilia mchoro wake kwa ukaidi wa kipekee. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848 na kuitangaza, Cooley aliyekuwa London alimwambia kuwa hakuiona.

Ramani iliyotia fora ilitoka pwani yenyewe. Jakob Erhardt, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Church Missionary Society, alikaa Tanga miezi kadhaa akijifunza lugha na kuzungumza na watu wa misafara. Alizisikia njia tatu: ya kaskazini iliyopita nchi ya Wamasai, ya kati iliyoelekea Ujiji kupitia Unyamwezi, na ya kusini iliyoanzia Kilwa. Kila msafara ulisema kwamba mwisho wa safari ni maji mengi. Erhardt na Rebmann walipozilinganisha habari hizo walikata shauri kwamba maji hayo ni mamoja. Mchoro wao ulichapishwa Ujerumani mwaka 1855 na mwaka uliofuata ukaonekana katika jarida la jiografia la Petermann huko Gotha. Ndani yake bahari moja, Bahari ya Uniamesi, inaanza karibu na ikweta na kushuka hadi kupita latitudo ya 13 kusini. Kichwa chake kimevimba kaskazini-magharibi, na mkia umejipinda kuelekea kusini-mashariki. Huko London watu waliutazama wakaona koa, konokono asiye na gamba, na jina la Ramani ya Koa likaganda mpaka leo.

Kosa la ramani hiyo lina mahali pake maalumu. Wasafiri hawakusema uongo. Waliopita kaskazini walisikia habari za Nyanza, ambayo baadaye iliitwa Victoria. Waliofika Ujiji waliiona Tanganyika. Waliotoka Kilwa waliijua Nyasa. Ushahidi wa wote watatu ulikuwa sahihi, na umbali waliouhesabu kwa siku za kutembea haukukosea sana. Cha kubuni ni mstari uliochorwa Rabai kuyaunganisha maziwa matatu. Kwa hiyo ufukwe wa Rumonge, ambao wenyeji waliujua kwa kila hori na kila mdomo wa mto, ulimezwa katikati ya bahari isiyokuwepo.

Ramani ya Koa ndiyo iliyowafanya wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke watumwe. Waliliona ziwa tarehe 13 Februari 1858, Burton akiwa hawezi kutembea na Speke karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho. Swali lilikuwa moja: mto Rusizi, ulio kichwani mwa ziwa, unaingia au unatoka? Ukitoka, basi ziwa ni chanzo cha Nile. Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, na mfanyabiashara Sheikh Hamid bin Sulayyim akamfahamisha kuwa mto unatoka. Baadaye Sidi Bombay, mkalimani wake, alisema maneno yalieleweka kinyume. Habari ya jiografia ya bara zima ilipita katika Kiarabu, Kiswahili na Kihindi kabla ya kufika Kiingereza, na katika njia hiyo mto ukageuza mkondo.

Mwezi Aprili Burton na Speke walipanda mitumbwi miwili ya Kannena, mkuu wa sehemu ya Ujiji, wakafuata mwambao wa Urundi kwenda kaskazini. Mwisho wa mwezi walifika Uvira, ng'ambo ya pili, na hapo wana wa mtawala wa nchi wakawaeleza kwamba Rusizi unaingia ziwani. Wapiga makasia walikataa kwenda mbele. Mdomo wa mto haukuonekana, na wasafiri wakarudi na neno la watu tu, sawa na Erhardt.

Speke aliporudi Uingereza mwaka 1859 alichapisha ramani iliyozungushia Milima ya Mwezi kichwa cha ziwa kwa umbo la kiatu cha farasi. Burton aliidharau kama jambo la kutunga. Dharau hiyo ina haki nusu. Juu ya mwambao wa Burundi kuna milima kweli, nayo hupita mita 2,600, ila haikujipinda. Inakwenda sambamba na ziwa, kaskazini hadi kusini, kama ukingo wa bonde la ufa. Tena ukingo huo una siri ambayo wote wawili wangelipa fedha nyingi kuijua. Mvua inayoanguka upande wa Rumonge hushuka ziwani, hutokea kwa mto Lukuga, huingia mto Kongo na kuishia Atlantiki. Inayoanguka upande wa pili huingia Ruvyironza, Ruvubu, Kagera na Nyanza, kisha Nile hadi Mediterania. Mpaka waliougombania ulikuwa kwenye vilima walivyoviona kutoka mtumbwini.

Riwaya haikungoja mpaka ugomvi uishe. Mapema mwaka 1863 Jules Verne alichapisha *Cinq semaines en ballon*, kisa cha Daktari Fergusson anayepaa kwa puto kutoka Zanzibar, anapita juu ya Kazeh, yaani Tabora, na kukitazama chanzo cha Nile kutoka hewani. Verne alitumia taarifa za Burton na Speke, na pale zilipokoma akaendelea mwenyewe. Miezi michache baadaye Speke alitangaza kuwa suala la Nile limekwisha: chanzo ni Nyanza. Ni vigumu kupata mfano mwingine ambapo mtungaji na mpelelezi walikimbizana kwa karibu namna hiyo kwenye karatasi moja.

Burton hakukubali. Mwaka 1864, baada ya kifo cha Speke, alitoa kitabu pamoja na MacQueen ambamo Tanganyika ilitiririka kaskazini kwa Rusizi. Yaani mtu aliyeambiwa Uvira kwamba mto unaingia alichora kwamba unatoka. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone naye alizidisha utata bila kukusudia. Tarehe 2 Aprili 1867 alifika kwenye maji aliyoyaita Liemba, akadhani ni ziwa jingine, kumbe ni ncha ya kusini ya Tanganyika. Kama Erhardt aliunganisha maziwa matatu, Livingstone kwa muda aligawa ziwa moja mara mbili.

Mwezi Novemba 1871 Livingstone na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kulimaliza swali. Mahali fulani kwenye mwambao wa Urundi watu waliwaita washuke walipe hongo, na mawe yakarushwa. Stanley aliwaza kujibu kwa risasi. Livingstone hakuafiki, wakasukuma mtumbwi mbali na nchi kavu. Matukio ya aina hii yanaeleza kwa nini mwambao huu ulibaki bila maelezo kwenye ramani hata baada ya kupitiwa: wengi waliuchora kutoka majini, wakiwa na haraka. Jiwe la Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, limechongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Siku chache baadaye waliingia mdomoni mwa Rusizi na kuona maji yakiingia ziwani. Stanley alitoka humo na tabia ya watunzi wa riwaya, ya kupachika majina: visiwa vidogo vya upande wa kaskazini aliviita visiwa vya New York Herald, gazeti lililomlipa mshahara. Jina hilo halikudumu ziwani.

Lilibaki swali la njia ya kutokea maji. Mwingereza Verney Lovett Cameron aliipata Lukuga mwaka 1874, upande wa Kongo, lakini Stanley alipolizunguka ziwa lote mwaka 1876 kwa mashua yake, *Lady Alice*, aliukuta mto umezibwa na majani na matope, maji hayaendi. Miaka michache baadaye kizibo kilivunjika na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ramani sahihi ya mwambao ya mwaka 1876 ilikuwa imekwisha kuwa si sahihi kabla ya mwongo huo kwisha.

Kujua ufukwe hakukuwa kujua nchi. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Rumonge mwaka 1879 na kufungua misheni. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop waliuawa katika ugomvi na watu wa chifu Bikari, na misheni ikaachwa. Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji mwenye bunduki nyingi, alishika sehemu za mwambao lakini ufalme wa Mwezi Gisabo ukamzuia kupanda vilimani. Hadi mwaka 1892, Mwaustria Oscar Baumann alipovuka Urundi, ndani ya nchi kulikuwa bado kweupe. Warundi wengi walimpokea kwa shangwe kama mfalme aliyerudi, na kwenye milima yenye makaburi ya wafalme waliobeba jina la Mwezi akaamini ameipata Milima ya Mwezi ya Ptolemaio. Hoja ilisimama juu ya jina tu. Hata hivyo ufuatiliaji wa Ruvubu kama tawi la Nile ulikuwa wa kweli. Mwaka 1938 Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo Rutovu, katika vilima vya Bururi mashariki mwa Rumonge, juu ya chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote.

Kufikia hapo riwaya zilikuwa zimekwisha kuiga ramani za aina hii kikamilifu. Robert Louis Stevenson alianza *Treasure Island* kwa kuchora kisiwa mwaka 1881, hadithi ikafuata. H. Rider Haggard, katika *King Solomon's Mines* ya mwaka 1885, aliweka ramani iliyodaiwa kuchorwa mwaka 1590 kwa damu juu ya kitambaa: barabara, milima miwili, kisima cha maji mabaya. Ina alama zote za ramani ya kusikia, pamoja na shahidi aliyekufa asiyeweza kuhojiwa. Vitabu hivyo viwili vilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929, kwa majina ya *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, kazi ambazo Frederick Johnson alishiriki kuzitafsiri, na shule nyingi za Afrika Mashariki zikavisoma.

Tanganyika yenyewe iligeuzwa nchi ya kubuni na C. S. Forester katika *The African Queen*, mwaka 1935. Msingi wa kisa ni vita vya ziwani vya 1915 na 1916, Waingereza walipozisafirisha mashua *Mimi* na *Toutou* kwa nchi kavu na kuizamisha *Hedwig von Wissmann* ya Wajerumani. Forester alilipa ziwa jina la Wittelsbach, akalitilia mto uitwao Bora, na meli ya Wajerumani akaiita *Königin Luise*. Meli kubwa ya kweli, *Graf von Götzen*, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa *Liemba*, jina la lile ziwa la pili la Livingstone.

Fasihi ya Kiswahili ilichukua njia nyingine. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, na mipaka yake inajulikana kwa maneno matupu. Karama, akiwa mshtakiwa barazani, anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na kila mmoja akarudi na habari ambazo watawala hawakutaka kuzisikia.