Kaseti ya Mama na Sayari Isiyokuwepo

Mwaka 1975 nilikaa baharini miezi minne bila kwenda popote. Meli yetu ilibeba saruji, ikatia nanga nje ya Lagos pamoja na meli nyingine zaidi ya 400. Nigeria ilikuwa imeagiza karibu tani milioni 20 za saruji kwa mpigo, na bandari ingeweza kushusha sehemu ndogo tu ya shehena hiyo kwa mwaka. Usiku taa za meli zilienea kama mji mkubwa, ila mji huo haukuwa na mlango wa kupiga hodi. Unyevu uliingia ngamani na saruji ikaanza kuganda ndani ya mifuko yake.

Nilikuwa kijana wa Tanga, msaidizi wa fundi umeme, na vitu vya kunipitishia usiku vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kaseti. Mama aliirekodi uani kwetu Ngamiani kwa redio ya jirani. Alinisalimu, akanitajia nani kaoa na nani kafiwa, kisha akaiacha redio ikinasa sauti zenyewe: mbuzi ikikuna nazi, jogoo, watoto wakigombania ndoo, adhana ya alasiri. Nusu saa nzima ya nyumbani. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Cha pili kilikuwa riwaya ya Mmarekani Philip K. Dick, *A Maze of Death*, iliyotoka mwaka 1970. Niliachiwa na baharia mwenzangu aliyeteremka Las Palmas. Niliisoma mara tatu, kamusi mapajani, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo moja: binadamu amewaza kumpa nini msafiri ambaye safari yake haina mwisho wa karibu?

Katika riwaya hiyo watu 14 wanafika kwenye sayari iitwayo Delmak-O bila kujua wameitiwa kazi gani. Wana dini yao, na sala zao hutumwa kwa mitambo kama simu za upepo. Kisha wanaanza kufa mmoja mmoja, wakiuana na kushukiana. Karibu na mwisho ndipo tunajua kwamba Delmak-O haipo. Watu hao ni mabaharia wa Persus 9, chombo cha anga kilichoharibika, kinachozunguka nyota iliyokufa bila njia ya kurudi wala ya kuita msaada. Kompyuta inaunganisha akili zao na kuwajengea dunia moja ya pamoja, ili wasipate wazimu. Dini waliitunga wenyewe. Lakini chuki hawakuitunga: waliingia nayo.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka sitahani. Nilizitazama zile taa za meli zisizokwenda, nikaona kwamba mwandishi huyo, ambaye sikujua kama aliwahi kulala melini, alikuwa ameandika habari zetu.

Ukitazama mashine za kuiga dunia zilizokuwepo wakati huo, ndipo utaona Dick alivyotangulia. Mwaka 1962 Morton Heilig alipata hataza ya Sensorama, kibanda ambamo mtu aliketi akatazama safari ya pikipiki mjini New York, huku kiti kikitikisika, upepo ukimpiga na harufu zikimfikia. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani, kizito kiasi cha kuhitaji kushikiliwa kutoka darini, na alichoonyesha ni umbo la mistari likielea hewani. Uhalisia pepe wa siku zile uliishia hapo. Wahandisi walihangaika kulidanganya jicho. Dick alichukulia kwamba jicho limekwisha danganyika, akauliza swali gumu zaidi: msafiri ataingia na nini moyoni?

Wengine walikaribia swali hilo kwa njia ya upole. Katika filamu ya Andrei Tarkovsky, *Solaris*, ya mwaka 1972, wakazi wa kituo cha angani hubandika vipande vya karatasi kwenye tundu la hewa ili usiku visikike kama majani ya miti. Nilipoiona filamu hiyo miaka mingi baadaye, niliikumbuka kaseti yangu.

Kaseti ile ilinifariji miezi miwili. Mwezi wa tatu nilijua jogoo atawika lini. Mama alipouliza, "Unanisikia, mwanangu?" nilimjibu kwa sauti, peke yangu kabini, naye akaendelea na habari za harusi. Nikaanza kusikia lawama ambazo hakuzisema: kwamba niliondoka baba akiwa mgonjwa, kwamba sikuaga vizuri. Sauti ilikuwa ileile, lakini ndani yangu ilikuwa inaganda kama ile saruji ngamani.

Dick aliijua hali hiyo pia. Mwishoni mwa mwaka 1980 alichapisha hadithi fupi kuhusu abiria anayezinduka kidogo ndani ya usingizi wa barafu, na safari imebaki miaka kumi. Kompyuta ya chombo inamhurumia, inamlisha kumbukumbu zake nzuri, na kila moja inageuka kuwa hatia ya utotoni. Anapofika kweli haamini kwamba amefika. Dick alifariki Machi 1982. Miezi miwili baadaye Anatoly Berezovoy na Valentin Lebedev walirushwa kwenda kituo cha Salyut 7, wakakaa siku 211. Humo waliotesha mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ukachanua na kutoa mbegu. Mmea haufanani na picha. Usipoumwagilia, unakufa, na ukiutunza, unakujibu.

Kisha kuanzia Juni 2010 hadi Novemba 2011 wanaume sita walifungiwa jijini Moscow kwa siku 520, wakiigiza safari ya Mirihi bila kuondoka ardhini. Mawasiliano yao yalicheleweshwa makusudi, kwa sababu ujumbe wa kweli kati ya Dunia na Mirihi huchukua dakika kati ya 3 na 22 kwenda tu. Walifika mwisho salama, lakini watafiti waliowafuatilia waliona mienendo yao ikipungua na usingizi wa wengi wao ukivurugika.

Leo watu wanaandaa miwani ya kumwonyesha mwanaanga msitu na ufukwe. Siwapingi. Naomba tu waweke na kitu cha kujibia.

Mwezi wa nne, boti ya wakala ilipokuja kuchukua barua, niligeuza kaseti. Kwenye upande mtupu nilirekodi jenereta, mnyororo wa nanga, serahangi akiita zamu, kisha nikamwomba mama radhi kwa yale niliyodhani ananilaumu. Nikaitoa kaseti yangu ya pekee. Usiku ule nililala.

Niliporudi Tanga niliikuta juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa. Mama aliniambia amewasikilizisha mtaa mzima mlio wa jenereta. "Nikawaambia," alisema, "huyo ndiye jogoo wa mwanangu."