Hakimu na Mashahidi Watano

Katika karne ya 17, alikuwako huko Toulouse, nchini Ufaransa, hakimu mmoja aitwaye Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa sheria, lakini faraghani alijiburudisha kwa hesabu, na wataalamu wa Ulaya walimstahi sana.

Fermat alipendezwa na nambari tasa, yaani zile zisizogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 7 na 13. Mnamo 1640 aliwaandikia wenzake habari za nambari zipatikanazo hivi: twaa 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4, 4 nayo uizidishe kwa yenyewe upate 16, uendelee vivyo hivyo, na katika kila hatua uongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Basi Fermat akasadiki kuwa zote zifuatazo ni tasa pia, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho.

Ya sita ni 4,294,967,297. Fermat alifariki mwaka 1665, na nambari hiyo ikabaki bila kuhojiwa. Nani angethubutu kumshuku bwana mkubwa kama yule?

Mnamo 1729 Christian Goldbach alimwuliza jambo hilo Leonhard Euler, kijana Mswisi wa miaka 22 aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Mwaka 1732 Euler alitoa jibu: nambari ya sita si tasa, kwani yagawanyika kwa 641.

Je, yapasa kujaribu kila nambari tangu 2 mpaka 641? Hasha! Euler alithibitisha baadaye kuwa kigawanyo chochote cha nambari ile, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Kwa hiyo nambari tasa za kujaribiwa ni chache: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mlango uliofungwa kwa miaka 92 wafunguka kwa ufunguo wa tano.

Tusimcheke Fermat, kwa maana alikuwa mwenye akili nyingi. Kosa lake ni letu sote: mashahidi watano walisema neno moja, naye akakata hukumu kabla ya kumsikia wa sita. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Mpaka leo haijapatikana nambari tasa nyingine ya namna ile kupita zile tano, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haipo.

Nawe, mwanafunzi, usiniamini kwa sababu nimeandika kitabuni. Twaa kalamu, uzidishe 641 kwa 6,700,417, ujionee mwenyewe.